Mafuta yasiyotoka sokoni: jinsi bakteria wa tumbo wanavyoyaunda

Asubuhi ya baridi mjini Goma, chupa ya mawese iliyolala jikoni huamka imegawanyika. Juu kuna mafuta mekundu yanayomiminika, chini kuna tabaka zito lililopauka, na mwenye chupa husema muuzaji amechanganya kitu. Mara nyingi muuzaji hana kosa. Karibu asilimia 44 ya asidi za mafuta zilizomo kwenye mawese ni asidi ya palmitiki, ambayo mnyororo wake wa kaboni umenyooka. Karibu asilimia 40 ni asidi ya oleiki, ambayo mnyororo wake umepinda katikati. Mafuta yenye minyororo iliyonyooka kwa wingi hulaliana, hushikana na kuganda. Yenye minyororo iliyopinda hayapangiki vizuri, hivyo hubaki majimaji. Weka chupa juani, na vyote vitarudi kuwa kimoja.

Chupa hiyo inafaa kukumbukwa hadi mwisho wa makala hii, kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata ni habari ya umbo: umbo la mnyororo wa mafuta, nani ameupa umbo hilo, na mwili unasoma nini unapokutana nao.

Siku hizi watu wanaambiana kwenye simu kwamba bakteria wa tumbo wanatengeneza mafuta. Habari yenyewe ni ya kweli. Tatizo ni yale yanayoambatanishwa nayo. Mmoja anasema basi hao ndio wanaoleta kitambi. Mwingine anaenda famasi kununua antibiotiki ili "asafishe tumbo". Wa tatu anauziwa vidonge vya bei kubwa vinavyodaiwa kuongeza "mafuta mazuri ya bakteria". Wote watatu wameanzia kwenye jambo la kweli wakapotelea njiani, na walipotelea kwenye neno moja: mafuta.

Neno moja, vitu vitatu

Kiswahili kinaita mafuta kile kinachokaangia samaki wadogo waitwao sambaza, kile kinachojaa kiunoni, na kile kinachojenga utando wa kila seli hai. Viwili vya kwanza ni vya ukoo mmoja: minyororo mitatu ya asidi za mafuta iliyofungwa kwenye kishikio kimoja kiitwacho gliseroli. Hiyo ni akiba, kama makaa yaliyorundikwa kwenye gunia yakisubiri kuwashwa.

Cha tatu ni kitu kingine. Ni mafuta ya ujenzi. Kila bakteria, kama kila seli ya mwili wetu, amezungukwa na utando mwembamba uliojengwa kwa chembe zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia. Chembe hizo hujipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa vikiwa nje. Wataalamu huyaita mafuta yote haya kwa jina moja la jumla, lipidi. Katika makala hii, tukisema lipidi za bakteria, tunamaanisha hasa haya ya ujenzi.

Neno lingine tunalolihitaji ni kimeng'enya, ambacho waliosoma baiolojia kwa Kifaransa wanakijua kama anzimu. Ni protini inayofanya kazi moja mahususi: kuunganisha vipande viwili, kukata, kuongeza maji, kuondoa oksijeni. Mtengeneza matofali mwenye kalibu moja hawezi kutoa matofali ya umbo jingine hata udongo ukiwa mwingi kiasi gani, na kimeng'enya ni hivyo hivyo. Bakteria akiwa na kimeng'enya fulani, lipidi fulani itaundwa. Akikikosa, haitaundwa, hata umlishe nini.

Na bakteria wenyewe ni wangapi? Bado kuna watu wanaorudia kwamba wanatuzidi mara kumi kwa idadi ya seli. Hesabu hiyo ilikuwa makadirio ya zamani, na ilirekebishwa mwaka 2016: mtu mzima wa kilo 70 ana takriban bakteria trilioni 38 na seli zake mwenyewe trilioni 30 hivi. Idadi zinakaribiana. Kwa uzito, bakteria wote hao ni kama gramu 200, wala si kilo mbili kama inavyosemwa.

Kuni zilizonyooka na kuni zenye panda

Mwili wa binadamu unapounda asidi ya mafuta, huanza na kipande cha kaboni mbili, kisha huongeza kaboni mbili, tena mbili, tena mbili. Ndiyo maana asidi zetu za mafuta karibu zote zina kaboni za namba shufwa: 16 kwa palmitiki, 18 kwa oleiki. Mnyororo wote ni mstari mmoja.

Bakteria wengi wa tumbo huanza kwingine. Huchukua asidi ya amino kutoka kwenye protini, huiondolea sehemu yake yenye nitrojeni, na kutumia mabaki kama kipande cha kuanzia. Asidi za amino zinazofaa kwa kazi hii ni tatu, zile ambazo zenyewe zina panda kama tawi la mti: leusini, valini na isoleusini. Kimeng'enya kinachopokea kipande hicho cha kwanza huitwa FabH, na ndicho kinachoamua mnyororo utaanza vipi.

Hesabu yake ni rahisi. Leusini ikishapunguzwa hubaki kipande cha kaboni 5, chenye panda mwishoni. Ongeza kaboni mbili mara tano: 15. Ongeza mara sita: 17. Isoleusini nayo huanza na kaboni 5, ila panda yake imekaa hatua moja ndani zaidi. Valini huanza na kaboni 4, kwa hiyo hufika 14 au 16. Namba witiri pamoja na panda mwishoni: hiyo ni alama ya kiwanda, na inatuambia kwamba, kwa kawaida, mnyororo huu haukuundwa na seli ya binadamu.

Panda hiyo ina faida gani kwa bakteria? Yeyote aliyewahi kufunga mzigo wa kuni anajua. Kuni zilizonyooka hubana, mzigo unakuwa mgumu. Zenye panda huachiana nafasi. Utando wa bakteria unatakiwa uwe laini kiasi cha kuruhusu protini zake kusogea. Seli zetu hupata ulaini huo kwa kupinda mnyororo kama ule wa oleiki, na kimeng'enya chetu cha kupinda kinahitaji oksijeni. Kwenye utumbo mpana oksijeni karibu haipo. Bakteria wanaoishi humo hutumia panda, na panda haihitaji oksijeni hata chembe. Kwa maoni yangu hapa ndipo jambo zima linapoanza kueleweka: lipidi hizi tunaziita za ajabu kwa sababu tunazilinganisha na zetu, lakini kwa kiumbe anayeishi gizani bila hewa ni suluhisho la kawaida kabisa.

Kumi na tano na mbili ni kumi na saba

Kundi la bakteria liitwalo Bacteroides ni miongoni mwa wakazi wakubwa wa utumbo mpana. Wao na jamaa zao wa karibu wana ujuzi ambao bakteria wengi hawana: wanaunda sfingolipidi. Hizi ni lipidi ambazo kwa muda mrefu zilihesabiwa kuwa mali ya wanyama, mimea na fangasi. Zimejaa kwenye ubongo wetu na kwenye ala zinazofunika neva.

Kazi huenda kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake.

Ya kwanza ndiyo lango. Kimeng'enya kiitwacho serini palmitoiltransferasi, kwa kifupi SPT, huchukua asidi ya amino iitwayo serini na kuiunganisha na mnyororo wa mafuta. Ili kufanya hivyo hushika vitamini B6 katikati yake kama fundi anavyoshika koleo, na bila vitamini hiyo hakuna kinachounganishwa. Serini ina kaboni 3. Wakati wa kuunganishwa moja hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi, zikabaki 2. Kwa binadamu, kaboni 16 za palmitiki ukijumlisha 2 unapata 18. Kwa Bacteroides, mnyororo wenye panda wa kaboni 15 ukijumlisha 2 unapata 17. Tofauti kati ya uti wa sfingolipidi yetu na yao inaanzia kwenye hesabu hiyo ya darasa la kwanza.

Baada ya hapo kuna hatua ya kugeuza kiungo kimoja cha oksijeni kuwa kundi la haidroksili, yaani oksijeni iliyoshika hidrojeni moja, kisha ya kuunganisha mnyororo wa pili wa mafuta kwenye nitrojeni ya serini. Sasa kuna mikia miwili, na kitu kinachopatikana huitwa dihidroseramidi. Mpangilio huu haufanani kila mahali. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba bakteria wa majini aitwaye Caulobacter crescentus hufanya hatua hizi mbili kwa kubadilishana: mnyororo wa pili kwanza, kugeuza baadaye. Anafika kulekule kwa njia yake, akitumia vimeng'enya visivyo ndugu wa vyetu.

Mwisho huja kichwa. Bacteroides anaweza kuweka fosfoethanolamini, au fosfoinositoli, au sukari ya galaktosi. Hapa ndipo utajiri ulipo, maana kichwa ndicho kinachotokeza nje ya utando na kuonekana na majirani.

Kuna tofauti moja zaidi. Sisi, baada ya kuunda dihidroseramidi, tunaingiza kiungo maradufu kwenye uti wake, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana mara mbili na kubeba hidrojeni chache, ikawa seramidi. Bacteroides haingizi. Uti wao umejaa hidrojeni mwanzo hadi mwisho.

Kalibu ikikosea tofali

Ukitaka kuona jinsi hatua ya kwanza ilivyo nyeti, tazama kinachotokea inapoharibika kwa binadamu. Kuna ugonjwa wa kurithi, wa nadra, ambapo kasoro kwenye jeni ya SPT inaifanya ichukue asidi ya amino nyingine iitwayo alanini badala ya serini. Alanini inafanana na serini isipokuwa imekosa kundi moja la haidroksili. Lipidi inayozaliwa haina mahali pa kuwekewa kichwa, na mwili hauna njia ya kawaida ya kuivunja. Hurundikana polepole, neva zinaharibika, na mgonjwa huanza kupoteza hisia za maumivu na joto miguuni, hata kupata vidonda asivyovihisi. Kundi moja la haidroksili limekosekana, na mguu umekosa hisia.

Bakteria nao wana kalibu zinazochukua tofali tofauti, ila kwao si ugonjwa. Bakteria wa kundi la Alistipes, ambao pia huishi tumboni, wana kimeng'enya kilicho ndugu wa SPT kinachochukua asidi ya amino yenye salfa, sisteati, mahali pa serini. Kinachopatikana ni salfonolipidi, inayofanana na sfingolipidi kwa umbo lakini kichwa chake kimebeba salfa.

Na Bacteroides akinyang'anywa SPT? Jaribio hilo limefanywa. Bakteria haifi papo hapo. Inakua kwenye chupa ya maabara, lakini chakula kinapopungua au oksijeni inapopenya, inakufa haraka kuliko ndugu zake wazima, na ikishindanishwa nao ndani ya utumbo wa panya inashindwa. Hayo yalichapishwa mwaka 2011 kuhusu Bacteroides fragilis. Mwaka 2019 watafiti walichukua panya waliolelewa bila bakteria yoyote, wakawapa Bacteroides thetaiotaomicron wa aina moja tu: kundi moja likapewa walio wazima, kundi jingine wasio na SPT. Panya waliopewa wasio na SPT walipata uvimbe kwenye utumbo. Katika utafiti huohuo, watu wenye magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo walikuwa na sfingolipidi chache za bakteria kwenye kinyesi, na nyingi za mwili wenyewe.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ndipo matangazo ya vidonge yanapochomoza. Kwa panya, chanzo kimeonekana: walibadilisha jeni moja, kila kitu kingine kikabaki vilevile. Kwa binadamu kilichoonekana ni vitu viwili kuwa pamoja. Inawezekana upungufu wa lipidi ulileta ugonjwa, na inawezekana vilevile kwamba utumbo ukivimba na kuharisha, Bacteroides hupungua na lipidi zao hupungua nao. Anayekuuzia kitu akitegemea habari hiyo ya binadamu kana kwamba chanzo kimeonekana kama kwa panya, anakuuzia usichokijua.

Mwili unasoma nini

Bakteria amekaa ndani ya utumbo, upande wa pili wa ukuta wa seli na ute. Lipidi yake inafikaje kwetu? Njia mojawapo ni vifuko vidogo vinavyochomoka kwenye utando wake wa nje kama povu la sabuni, vikibeba lipidi. Mwaka 2020 watafiti waliweka alama ya kikemia kwenye lipidi za Bacteroides thetaiotaomicron na kuzifuata ndani ya panya. Walizikuta kwenye seli za utumbo, na walizikuta kwenye ini, mahali ambapo damu yote inayotoka utumboni hupita kwanza. Zikiwa huko zilibadilisha kiasi cha seramidi ambacho ini lenyewe huunda.

Lipidi iliyochunguzwa kuliko zote ni ile yenye kichwa cha galaktosi, iitwayo alfa-galaktosilseramidi. Neno alfa lina uzito mkubwa. Sukari inaweza kufungwa kwenye lipidi kwa upande mmoja au kwa upande wa pili, alfa au beta. Lipidi zetu zenye sukari karibu zote ni beta. Bacteroides fragilis huunda alfa. Ni ufunguo uleule uliochongwa meno upande wa pili. Mwilini kuna kufuli linalouhusu: protini iitwayo CD1d hushika mikia ya lipidi kwenye mifereji yake miwili na kuiacha sukari ikichungulia nje, na seli za kinga ziitwazo NKT hupita zikigusa sukari hiyo.

Lipidi ya aina hii ilipatikana kwanza mahali ambapo hakuna aliyetarajia: mwaka 1993, ndani ya sponji wa bahari ya Okinawa, Japani, aitwaye Agelas mauritianus. Ile ya sponji huamsha seli za NKT kwa nguvu nyingi. Ya Bacteroides fragilis huzigusa kwa upole zaidi, na mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba panya wachanga wakiipata, idadi ya seli za NKT kwenye utumbo wao mpana hubaki ndogo na wakikua huwa na kinga dhidi ya aina moja ya uvimbe wa utumbo. Panya wazima wakipewa, idadi haibadiliki. Kuna dirisha la umri, nalo hufungwa.

Halafu panda zinarudi. Mwaka 2021 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba panda za mwishoni mwa mikia ndizo zinazofanya lipidi ya Bacteroides fragilis itulize badala ya kuchochea, na kwamba asidi za amino zenye panda kwenye chakula cha panya ziliingia moja kwa moja kwenye panda hizo. Yaani leusini iliyoliwa ikawa tawi la lipidi, na tawi likawa ujumbe kwa seli ya kinga. Usikimbilie kuongeza maharagi kwa ajili hiyo. Maharagi, sambaza na maziwa vina leusini, valini na isoleusini za kutosha, lakini sehemu kubwa ya protini tunayokula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kuwafikia bakteria, na hakuna aliyeonyesha sahani ipi humpa binadamu lipidi ipi.

Ng'ombe wa Masisi na vimeng'enya vya tumbo lake

Mfano mwingine upo mezani kwetu. Ng'ombe wa milima ya Masisi, karibu na Goma, hula majani, na mafuta ya majani yana viungo maradufu vingi. Asidi hizo zikiwa huru huharibu utando wa bakteria wanaoishi kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe, kwa hiyo bakteria hao huzitia hidrojeni ili zisiwadhuru. Mmoja wao, Butyrivibrio fibrisolvens, ana kimeng'enya kinachohamisha kiungo maradufu kimoja cha asidi ya linoleiki, mojawapo ya hizo za majani, hatua moja, na kuzaa asidi ya rumeniki. Hatua inayofuata huzaa asidi ya vaseniki. Kazi hiyo isipokamilika, asidi hizi zinafyonzwa, zinaingia kwenye maziwa, zinaingia kwenye jibini, ile ambayo kila mtu hapa anaiita fromaji. Pamoja nazo huja minyororo ya kaboni 15 na 17, zenye panda na zisizo na panda. Kila kipande cha fromaji ya Masisi kina lipidi zilizoundwa na bakteria.

Watu huuliza kama vaseniki si ileile "mafuta ya trans" inayokatazwa. Kikemia ni trans, ndiyo, yaani kiungo chake maradufu hakiupindi mnyororo. Ila nafasi ya kiungo chake si ile inayotawala kwenye mafuta yaliyogandishwa viwandani, na sehemu yake mwili wetu huigeuza kuwa rumeniki. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani, linapopendekeza trans isizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, linahesabu zote pamoja, za kiwandani na za ng'ombe. Kwa mlaji wa kawaida wa fromaji, kiasi ni kidogo.

Tumboni mwetu pia kuna wanaofanya kazi inayokaribiana na hiyo. Bakteria kadhaa, wakiwemo baadhi ya wale wa maziwa ya kuganda, wana kimeng'enya oleati hidratasi. Huchukua asidi ya oleiki, ile ya tabaka jekundu la mawese, na kuingiza maji palepale ilipopinda. Haidroksili hukaa kwenye kaboni ya 10, kipindo kinapotea, na kilichokuwa sumu kwa bakteria kinapoa. Mwaka 2013 watafiti wa Kyoto walieleza mfululizo mzima wa vimeng'enya vinne vya Lactobacillus plantarum vinavyoanza na linoleiki kwa hatua hii ya maji, na kupitia lipidi kadhaa ambazo seli zetu hazina kimeng'enya cha kuziunda.

Kolesteroli nayo ina mhunzi wake. Mwaka 2020 kilitambuliwa kimeng'enya IsmA, ambacho huanzisha safari ya kuigeuza kolesteroli kuwa koprostanoli, kitu ambacho utumbo hauwezi kukifyonza vizuri, hivyo hutoka na kinyesi. Watu wenye bakteria wa kimeng'enya hiki walikuwa na kolesteroli ndogo zaidi kwenye kinyesi na kwenye damu. Koprostanoli hukaa muda mrefu kwenye matope, kiasi kwamba wachunguzi wa maji huitafuta chini ya mito na maziwa ili kujua kama maji machafu ya vyoo yamefika hapo.

Kitambi, antibiotiki na vidonge

Sasa tunaweza kurudi kwa wale watatu wa mwanzo.

Kitambi hakitoki kwenye lipidi za utando wa bakteria, maana bakteria wote wa tumbo, na maji yao, ni gramu 200. Nishati ambayo bakteria hutupa kweli hutoka kwingine: huchachusha nyuzi za chakula na kutoa asidi fupi sana, za kaboni 2 hadi 4, kama butirati. Makadirio ya kawaida ni kwamba hizo hutuletea asilimia 5 hadi 10 ya nishati ya siku, na sehemu kubwa ya butirati huliwa palepale na seli za utumbo mpana.

Antibiotiki "ya kusafisha tumbo" haijui kuchagua. Metronidazoli, ambayo wengi huinunua bila karatasi ya daktari kila tumbo likinguruma, inaua hasa bakteria wasiotumia oksijeni, na Bacteroides wamo. Ikiwa daktari ameiandika kwa sababu ya amiba au maambukizi mengine, imeze kama ilivyoandikwa na uimalize. Bila sababu hiyo, unawaondoa waunda sfingolipidi na kuacha nafasi wazi, na anayejaza nafasi hiyo humchagui wewe. Kwa mtoto mchanga hoja ina uzito zaidi, kwa lile dirisha la umri lililoonekana kwa panya.

Vidonge vya bakteria, soma jina lililoandikwa kwenye boksi. Vingi vina Lactobacillus au Bifidobacterium. Makundi hayo yana kazi zake, lakini hayana SPT, kwa hiyo hayaundi sfingolipidi hata chembe. Bacteroides nao hawawezi kukua penye hewa, ndiyo maana huwakuti kwenye mtindi wala kwenye maziwa ya kuganda. Muuzaji akisema kidonge chake kinaongeza lipidi hizi, muulize kina bakteria gani na kimeng'enya gani.

Na akisema atakupima kwanza, muulize anapima kwa mashine gani. Lipidi hizi hazionekani kwa darubini, wala kwa kipimo cha kidole, wala kwa kipimo cha kinyesi cha kutafuta minyoo. Zinatambuliwa kwa mashine inayopima uzito wa molekuli. Uti wa sfingolipidi uliojaa hidrojeni wenye kaboni 18 una uzito wa 301.5. Uti wetu wenye kiungo maradufu umepoteza hidrojeni mbili, kwa hiyo una 299.5. Wa Bacteroides, wenye kaboni 17 na panda mwishoni, una 287.5. Kati yake na ule wa kaboni 18 kuna tofauti ya 14, ambayo ni kaboni moja na hidrojeni zake mbili, ileile iliyopungua pale mwanzo bakteria alipoanza kujenga mnyororo kwa leusini.